Daftari lililo chini ya meza: kwa nini mifumo ya taarifa hufaulu ama hufeli

"Mfumo haukubali." Simama mbele ya dirisha lolote la huduma kwa muda wa kutosha, utaisikia sentensi hiyo. Karani anabonyeza, anakunja uso, anabonyeza tena, kisha anakuinulia macho kana kwamba aliyekataa ni mtu mwingine aliyeketi nyuma ya ukuta. Hasemi "nimekataa", wala "bosi amekataa". Umekataa mfumo, na mfumo hauna pa kushitakiwa.

Ila mfumo haujawahi kukataa kitu kwa hiari yake. Miaka kadhaa nyuma, kwenye kikao ambacho karani huyo hakualikwa, watu waliamua kwamba kila mteja ana namba moja ya simu, kwamba kila malipo hutanguliwa na ankara, kwamba kila mzigo unaotoka stoo una idhini iliyokwisha kusainiwa. Maamuzi hayo yakageuzwa vijisanduku vya kujaza kwenye skrini. Siku anapotokea mtu ambaye shida yake haienei kwenye vijisanduku, ndipo tunaposikia habari za mfumo kutokubali.

Mazungumzo kuhusu mifumo ya taarifa za menejimenti kwa kawaida huanza na seva, programu na bei ya leseni. Mimi naona mambo hayo huja baadaye. Mfumo wa aina hii ni makubaliano kwanza: nani aandike nini, aandike lini, kwa faida ya nani, na nani atakiamini kilichoandikwa. Kompyuta huyakaza makubaliano hayo yasilegee. Yakiwa mabovu, hukazwa na ubovu wake.

Kwa lugha nyepesi, tunazungumzia mpango wa kukusanya kumbukumbu za kazi za kila siku, kama mauzo, mahudhurio, akiba ya stoo na malipo, kuzipanga, na kuzipandisha juu zikiwa ripoti ambazo mkuu wa idara au mkurugenzi atazitumia kuamua. Kuna mkono unaoandika, mkono unaopanga na mkono unaosoma. Katika taasisi nyingi mikono hiyo ni ya watu wasiokutana hata kwenye chai.

Kufeli kwa kelele, kufeli kimyakimya

Kufeli kunakofika magazetini ni kule kwa kelele. Mwaka 2005 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, iliutupa mfumo wake wa majalada ya kesi, Virtual Case File, kabla haujaanza kazi, baada ya kuutumia takriban dola milioni 170. Uingereza ilianzisha mwaka 2002 mpango wa taifa wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, mabilioni ya pauni yakiwa yameshateketea.

Lakini ajali ya ndege huandikwa magazetini, na shinikizo la damu linaloua watu vitandani mwao haliandikwi. Kufeli kwingi ni kwa namna hii ya pili. Mfumo upo, unawashwa kila asubuhi, leseni zinalipiwa, na hakuna anayeutegemea. Au unategemewa, na unasema uongo.

Hata watafiti walihangaika kukubaliana kufaulu maana yake nini. Mwaka 1992 William DeLone na Ephraim McLean walizipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona kila mtu anapima chake: huyu ubora wa mfumo wenyewe, yule ubora wa taarifa unazotoa, mwingine matumizi, kuridhika kwa watumiaji, athari kwa mtu mmoja mmoja, athari kwa taasisi nzima. Wakayaunganisha yote sita kama pete za mnyororo mmoja. Mwaka 2003 wakaongeza ubora wa huduma, na zile athari wakazikusanya pamoja ziwe faida halisi. Ninachokipenda katika mnyororo huo ni urefu wake. Fundi wa programu anaweza kufanya kazi safi kabisa kwenye pete ya kwanza, na mnyororo ukakatika kwenye ya tatu, mahali ambapo yeye hafiki kamwe.

London, Oktoba 1992

Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya. Kabla ya hapo kila simu iliandikwa kwenye karatasi, karatasi ikapita mikononi mwa watu hadi kwa mtu wa redio aliyelijua eneo lake na madereva wake. Mfumo mpya ungepokea taarifa, ungejua kila gari liko wapi na linafanya nini, na wenyewe ungechagua gari la karibu.

Sharti lake lilikuwa moja: taarifa za magari ziwe sahihi karibu kwa ukamilifu, muda wote. Haikuwezekana. Wahudumu wakiwa mbioni walibonyeza vitufe kwa mpangilio usiofaa au wakasahau kubonyeza. Wengine walichukua gari tofauti na lile lililosajiliwa kwa jina lao. Kulikuwa na sehemu za mji ambako redio haikushika. Kila kosa liliuondolea mfumo gari moja kwenye hesabu yake, au likaliweka mahali lisipokuwapo. Ukaanza kupeleka magari mawili kwenye tukio moja na kuliacha jingine likisubiri. Kwa kila jambo usilolielewa ulitoa ujumbe wa tahadhari, na tahadhari zikawa nyingi hadi za zamani zikasukumwa nje ya skrini zisionekane tena. Waliochoka kusubiri walipiga simu mara ya pili na ya tatu, simu zikazidi, mfumo ukazidi kulemewa. Siku ya pili mchana wakarudi kwa sehemu kwenye mtindo wa zamani. Tarehe 4 Novemba, usiku wa manane umepita, mfumo ulizimika kabisa: kipande kidogo cha programu kilichosahauliwa ndani yake kilikuwa kikila kumbukumbu ya seva kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na mfumo wa akiba haukuitika.

Tume ya uchunguzi ilisema jambo ambalo ningelibandika ukutani kwa kila anayeandaa zabuni ya mfumo. Katika zile siku mbili za Oktoba, kompyuta hazikufeli kiufundi. Kwa sehemu kubwa zilifanya zilichobuniwa kufanya. Ubunifu wenyewe ndio uliokuwa na kasoro za kuua: wahudumu hawakushirikishwa ipasavyo, mafunzo yalitolewa mapema mno hadi yakasahaulika, na mkataba ulitolewa kwa bei ya chini sana kwa watu wasio na uzoefu wa kazi ya namna hiyo.

Kwa nini mashine huharibika Jumatatu

Sasa kufeli kusiko na king'ora. Niliwahi kukaa wiki moja kwenye stoo ya spea ya karakana moja kubwa, nikiangalia kazi inavyokwenda. Mfumo ulikuwa mpya, ripoti zake za rangi, za kupendeza kabisa. Mkuu wa karakana alikuwa amegundua kitu kwenye michoro ile: matumizi ya beringi na mikanda yalipanda kila Jumatatu, wiki baada ya wiki. Akataka kujua kwa nini mashine huharibika Jumatatu. Kikao kilishaitishwa, na palikuwa na pendekezo mezani la kubadili ratiba nzima ya kuzihudumia mashine.

Jibu lilikuwa chini ya meza ya mtunza stoo. Kaunta buku, jalada gumu, imefungwa kwa mpira. Mfumo ulitaka kila spea inayotoka iwe na idhini ya mkuu wa idara. Ijumaa usiku mkanda ukikatika, mkuu wa idara yuko nyumbani na simu yake imezimwa, na fundi wa zamu amesimama dirishani mikono imejaa grisi. Mtunza stoo anatoa mkanda, fundi anasaini kwenye daftari, kazi inaendelea. Jumatatu asubuhi idhini zinapatikana, naye anaingiza vyote kwa mkupuo. Skrini haikuwa na mahali pa kuandika siku mzigo ulipotoka. Ilichukua tarehe ya kuingiza. Basi mashine zote zilizoharibika Ijumaa usiku, Jumamosi na Jumapili, kwenye ripoti ziliharibika Jumatatu.

Tazama hapo nani amekosea. Mtunza stoo aliiokoa kazi. Aliyeweka sharti la idhini alitaka kuzuia wizi, na alikuwa na sababu. Mkuu alisoma ripoti kwa makini kuliko wakuu wengi ninaowajua. Kila mmoja amefanya lake vizuri, na mfumo umesema uongo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliobuni skrini ile walikuwa wameijua stoo ya mchana tu.

Daftari la namna hiyo lipo karibu kila mahali. Pengine ni faili la jedwali kwenye kompyuta ya mtu mmoja ambalo idara nzima inalitegemea, na siku akienda likizo kila kitu kinasimama. Wakuu wengi wakiligundua hukasirika na kulipiga marufuku. Mimi nikiliona hufurahi, maana hakuna mshauri elekezi atakayekuandikia kwa uwazi namna ile kila pengo lililopo kati ya kazi kama ilivyochorwa na kazi kama inavyofanyika.

Kwa nini watu hawauambii mfumo ukweli? Mara nyingi hesabu ni rahisi: anayefanya kazi ya kuingiza taarifa siye anayefaidi. Mtafiti Jonathan Grudin aliliandika hili mwaka 1988 kuhusu programu za kazi za pamoja. Karani anaongezewa dakika kumi kwa kila mteja ili mkurugenzi apate mchoro mzuri mwisho wa mwezi. Yeye mwenyewe hapati kitu, hata neno la kwamba mchoro ulisomwa. Naye Fred Davis, mwaka uliofuata, alionyesha kwamba mtu huukubali mfumo kwa mambo mawili: anauona una manufaa kwa kazi yake, na anauona si mzigo kuutumia. La kwanza lilikuwa na nguvu kuliko la pili. Watu huvumilia mfumo mgumu unaowasaidia. Skrini nzuri isiyo na faida kwao wataijaza kwa sababu tu wamelazimishwa, na kujaza kwa kulazimishwa tunakujua: tarehe ya kuzaliwa 01/01/1900, namba ya simu yenye sifuri tupu, na kwenye orodha ya sababu, "Mengineyo", "Mengineyo", "Mengineyo". Ukitaka kuijua afya ya mfumo wowote, hesabu hizo "Mengineyo".

Kinyume cha hayo kilishaonekana tangu mwanzo kabisa. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kawaida za biashara, LEO, haikutoka kwa watengenezaji wa kompyuta. Ilijengwa na J. Lyons, kampuni ya Uingereza ya mikate, keki na migahawa ya chai, na ilianza kazi mwaka 1951. Baadaye waliipa kazi ya kupanga mizigo ya kupeleka kwenye migahawa yao kila siku. Kila msimamizi wa mgahawa alikuwa na oda ya kawaida kwa kila siku ya wiki. Mchana alipigiwa simu, akataja mabadiliko tu: keki zipungue kadhaa, mikate iongezeke kadhaa. Aliyepokea simu aliyaingiza papo hapo kwa kutoboa matundu kwenye kadi ya kusomwa na kompyuta. Msimamizi hakujaza fomu, hakurudia kilichokwisha kujulikana, na kesho yake asubuhi aliiona faida ya maneno yake ikishushwa mlangoni. Kampuni hiyo ilikuwa na ofisi ya kuchunguza namna kazi zinavyofanyika tangu miaka ya 1930, yaani karibu miaka 20 kabla ya kuwa na kompyuta. Walikuwa wamekilalia kitanda.

Taarifa ni mamlaka

Kuna sababu nyingine ambayo haiandikwi kwenye ripoti za mradi kwa sababu ni ya aibu. Anayeshika takwimu ana usemi. Mwaka 1983 mtafiti Lynne Markus alieleza kisa cha kampuni moja, aliyoipa jina la bandia, ambapo wahasibu wa makao makuu walileta mfumo uliokusanya kila muamala mahali pamoja. Zamani wahasibu wa vitengo walikaa na vitabu vyao na kupeleka juu muhtasari waliouchagua wenyewe. Mfumo mpya uliwavua nguo. Wakalalamika kwamba una makosa, wakachelewesha, na wakaendelea kuandika vitabu vyao vya zamani sambamba nao. Mtu wa nje angesema hawajafunzwa vya kutosha. Lakini kuwapa mafunzo zaidi ni kumfundisha mtu vizuri zaidi jinsi ya kukabidhi funguo zake. Ukikutana na ukaidi wa namna hiyo, usiulize "hawajui nini?" Uliza "wanapoteza nini?"

Wakati mwingine anayekaidi ni taasisi nzima. Lidl, kampuni ya maduka ya Ujerumani, ilianza mwaka 2011 kuingiza mfumo wa SAP, programu ya kuendeshea biashara inayouzwa ikiwa tayari, na ikauacha mwaka 2018, gharama zikitajwa kufikia yuro milioni 500 hivi. Moja ya sababu zilizoripotiwa ni kwamba Lidl huhesabu thamani ya bidhaa zake kwa bei ya kununulia, wakati programu ile katika umbo lake la kawaida huhesabu kwa bei ya kuuzia. Kampuni haikutaka kubadili mtindo wake, basi programu ikakatwa na kushonwa upya, na kila mshono ukadai mwingine. Anayenunua mfumo uliokwisha shonwa hununua pia desturi za ofisi zilizomo ndani yake. Aamue mapema ni zipi atazivaa.

Muda nao hula miradi. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, walipanga kuwasha mifumo yao mipya Aprili 1999. Ilipochelewa wakaiwasha Julai, oda za msimu wa Halloween, sikukuu ya Oktoba ya kugawa peremende, zikiwa zinamiminika, na wakashindwa kutimiza oda za kiasi cha dola milioni 100 ilhali chokoleti ilikuwapo. Kuongeza watu mwishoni hakuponyi: Fred Brooks, aliyesimamia ujenzi wa programu kubwa ya IBM, alishaonya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi.

Mkono unaosoma

Tumemsema sana anayeandika. Anayesoma naye ana makosa yake. Mwaka 1967 mtaalamu wa menejimenti Russell Ackoff alibishana na dhana kwamba mameneja wanakosa taarifa. Aliona shida yao kubwa ni kufurika kwa taarifa zisizowahusu. Muulize meneja anataka ripoti gani, atakujibu "zote", kwa kuwa hajui atakachokihitaji na anaogopa kukosa. Atapewa zote, na hatasoma hata moja. Mimi huanza upande wa pili: ni uamuzi gani unaufanya kila Jumatatu? Ukiwa umekosea, ni tarakimu gani ingekustua? Majibu yakija, ripoti 40 hubaki chache tu.

Kosa baya kuliko kutosoma ni kusoma kama msahafu. Shirika la Posta la Uingereza lilisambaza mfumo wa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu, kuanzia 1999. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta. Wasimamizi wa vituo walisema fedha hawakuzichukua. Wengi walizifidia mfukoni mwao. Waliopiga simu kuomba msaada wameeleza jinsi walivyoambiwa kwamba tatizo hilo ni lao peke yao. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, na wapo waliofungwa. Mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuzua upungufu huo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Kwenye orodha ya mifumo iliyofeli, huu ni wa peke yake: uliwaka, ulitumika, ulitoa ripoti, na wakuu waliziamini. Kilichokosekana ni njia ya mtu wa chini kusema "tarakimu hii si kweli" na akasikilizwa kabla ya kushitakiwa.

Ile huduma ya London iliyoaibika mwaka 1992 iliingia kwenye mfumo mpya tena mwaka 1996, na safari hiyo ulishika. Walikwenda polepole. Walianza na kazi chache ambazo watumiaji wenyewe walizihitaji, wakaziacha zizoeleke, ndipo wakaongeza nyingine, na waliokuwa wanapokea simu walikuwa na usemi katika ujenzi wake. Mji ulikuwa uleule, kazi ileile, na wengi wa wahudumu ni walewale walioambiwa miaka minne kabla kwamba hawapendi mabadiliko.

Kuhusu mashine za Jumatatu, kikao kilifanyika. Mtunza stoo aliitwa, akaja na daftari lake, akalifungua mezani, na ratiba ya huduma haikubadilishwa. Dawa ilijulikana palepale: kijisanduku kimoja zaidi, tarehe mzigo ulipotoka, na ruhusa ya kutoa spea usiku kwa idhini itakayofuata. Kwa fundi wa programu ni kazi ya siku moja. Ombi likaandikwa, likapewa namba. Ila bajeti ya mradi ilikuwa ya kununua na kuwasha tu, na mkataba wa matengenezo hakuna aliyekuwa ameupangia fedha. Mara ya mwisho nilipouliza, ombi lilikuwa bado linasubiri saini, na daftari lilikuwa limejaa. Alikuwa ameanza la pili.